Namna ya Kuamua Iwapo Mrushaji Chipukizi Anayeyumba Anastahili Kusubiriwa

Mwaka 2000 Roy Halladay alikuwa kijana wa miaka 23, aliyechaguliwa na Toronto Blue Jays katika duru ya kwanza ya uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi miaka mitano kabla ya hapo. Katika iningi 67 na theluthi mbili alizorusha msimu ule (iningi ni kipindi cha mchezo, na mechi ya kawaida huwa na 9) aliruhusu wastani wa mikimbio, yaani alama za wapinzani, 10.64 kwa kila iningi 9, kiwango kibaya kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa vibaya kabisa katika historia ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Mwanzoni mwa msimu wa 2001 timu ilimteremsha ngazi kadhaa hadi Dunedin, Florida, akacheze na vijana ambao wengi wao hawakuwa wameukaribia uwanja wa ligi kuu. Miaka miwili baadaye alishinda tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi. Akaishinda tena mwaka 2010 akiwa Philadelphia, na mwaka 2019 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa.

Kisa hiki husimuliwa kila mrushaji kijana anapoharibikiwa, na kwa kawaida husimuliwa ili kuthibitisha kwamba subira yavuta heri. Nakubali kwamba heri ilipatikana, lakini ukikisoma kisa chenyewe kwa makini utaona kwamba Toronto walifanya mengi zaidi ya kusubiri. Walimwondoa mahali alipokuwa akishindwa, wakampeleka kwa mwalimu mmoja, Mel Queen, aliyemweleza bila kumficha kwamba mpira wake ulikuwa umenyooka mno. Wakashusha pembe ya mkono wake, wakampa mpira wa kuzama na mpira wa kukata, kisha wakampandisha ngazi kwa ngazi. Subira ya namna hiyo ina kazi ndani yake, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuamua kuhusu jambo hili, au anayetaka kuupima uamuzi wa timu anayoishabikia: kocha, kiongozi, au shabiki anayeona jina la kijana fulani likizomewa kila baada ya siku tano.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu, mrushaji ndiye anayesimama juu ya tuta katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira kutoka umbali wa futi 60 na inchi 6. Akipata straiki tatu, yaani mipira ambayo mpigaji ameikosa au ameiacha ipite katika eneo halali lililo mbele yake (eneo la straiki), mpigaji hutoka. Akirusha mipira minne nje ya eneo la straiki bila mpigaji kuifuata, mpigaji hutembea hadi besi ya kwanza bila jasho, na hiyo nitaiita besi ya bure. Mpigo unaovuka uzio na kumrudisha mpigaji nyumbani ni homurani.

Kwanza, weka kando wastani wa mikimbio

Uamuzi mwingi mbaya huanzia hapa. Wastani wa mikimbio huandikwa kwenye ubao wa uwanja na kusomwa na kila mtu, nao hueleza kwa usahihi yaliyompata mrushaji; kasoro yake ni kwamba hautofautishi kati ya aliyoyafanya yeye na waliyoyafanya wenzake wanane uwanjani, upepo na bahati. Mwaka 2001 Voros McCracken aliwashangaza wafuatiliaji wa takwimu za besiboli alipoonyesha kwamba warushaji wa ligi kuu wana uwezo mdogo sana wa kuamua iwapo mpira uliopigwa ukabaki ndani ya uwanja utadakwa au utaangukia penye nafasi. Kwa ligi nzima, takriban mipira 30 kati ya kila 100 ya aina hiyo humfikisha mpigaji kwenye besi, na kijana ambaye kwake imefika 36 katika miezi miwili mara nyingi amekumbwa na jambo litakalojirekebisha lenyewe.

Kwa hiyo chukua karatasi ufanye hesabu nyepesi. Zidisha homurani alizoruhusu kwa 13. Jumlisha besi za bure na wapigaji aliowagonga kwa mpira, zidisha kwa 3, na uongeze kwenye jibu la kwanza. Zidisha idadi ya wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu kwa 2, na uitoe. Gawanya kilichobaki kwa iningi alizorusha, kisha uongeze namba ya kulinganisha ambayo hubadilika kidogo kila mwaka lakini huwa karibu na 3.1. Tuseme kijana amerusha iningi 60, ameruhusu homurani 6, besi za bure na wagongwa 27, na amewatoa 66 kwa straiki. Utapata 78 kuongeza 81, kutoa 132, yaani 27. Ukigawanya kwa 60 ni 0.45, na jibu la mwisho ni 3.55. Ikiwa wastani wake wa mikimbio ubaoni ni 5.40, basi swali la kumteremsha halijafika mezani kabisa, na la kufanya ni kuwazuia waliokwisha kukasirika wasimguse.

Hata hesabu hii inahitaji wingi wa iningi ili isikudanganye. Uwezo wa kuwatoa wapigaji kwa straiki hujidhihirisha mapema kuliko mengine yote. Besi za bure huchukua muda zaidi. Homurani huchukua muda mrefu, na mechi moja ya upepo mkali inaweza kuharibu mwezi mzima. Ndiyo maana mimi huanza na jambo moja: je, wapigaji wa ligi kuu wanayumba na kukosa mipira yake? Kijana anayewafanya wapigaji wazoefu wapige hewa ana kitu ambacho hakifundishiki kwa urahisi, hata akipoteza mechi kumi mfululizo. Kijana asiyemfanya mtu yeyote apige hewa, lakini ana wastani mzuri kwa sababu wenzake uwanjani ni hodari wa kudaka, ananitia wasiwasi zaidi.

Atlanta Braves ni mfano mwema wa timu iliyotazama kilicho chini ya namba. Mwaka 1988 ilipoteza mechi 106. Tom Glavine alishindwa mara 17 msimu ule, na John Smoltz, aliyekuwa amepatikana kutoka Detroit mwaka mmoja kabla, alimaliza na wastani wa 5.48. Hawakuuzwa. Mwaka 1991 Glavine alishinda Cy Young na timu ikacheza fainali ya Msururu wa Dunia. Chicago nako, Greg Maddux alikuwa amemaliza mwaka 1987 kwa ushindi 6, vipigo 14 na wastani wa 5.61, msimu uliofuata, akiwa bado na timu ileile, alishinda mechi 18.

Pili, tafuta jina la tatizo

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae zaidi, kwa sababu neno "anayumba" hukusanya maradhi mbalimbali ambayo hayatibiwi kwa dawa moja wala hayaponi kwa muda ulio sawa. Timu inayosema "tumpe muda" bila kusema muda huo ni wa kurekebisha nini, haijaamua lolote.

Tatizo la kwanza ni la mwili na mwendo wake. Randy Johnson alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 10, na kuviweka viungo virefu vya namna hiyo katika mwendo unaojirudia vilevile mara mia kwa mechi ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Montreal ilimwachia aende Seattle mwaka 1989, na katika miaka mitatu iliyofuatana, 1990 hadi 1992, aliongoza ligi yake kwa besi za bure: 120, kisha 152, kisha 144. Mwaka 1992 alizungumza na Nolan Ryan na Tom House, ambao wakati huo walikuwa wa timu pinzani ya Texas, nao wakamwonyesha kwamba mguu wake wa mbele ulikuwa ukitua kwa kisigino, jambo lililouvuta mwili wake pembeni badala ya kuuelekeza kwa mpigaji. Mwaka 1993 aliwatoa wapigaji 308 kwa straiki na besi za bure zikashuka hadi 99. Alikuwa na miaka 29. Aliendelea kurusha hadi akafikisha ushindi 303 na tuzo tano za Cy Young. Ninachokitilia mkazo katika habari hii ni kisigino: kasoro ilikuwa moja, ilionekana kwa macho, na ilikuwa na maelezo. Unapokuwa na kasoro ya namna hiyo na mrushaji ambaye mpira wake unawatisha wapigaji, msubiri hata akifika miaka 29.

Tatizo la pili ni la nguvu kupita kiasi, na huwapata zaidi vijana waliozoea kushinda kwa kasi tupu. Sandy Koufax alijiunga na Dodgers, wakiwa bado Brooklyn, mwaka 1955 akiwa na miaka 19, na baada ya misimu sita alikuwa na ushindi 36 na vipigo 40. Mwaka 1960 alitoa besi za bure 100 katika iningi 175. Katika mechi za maandalizi za 1961, mdakaji Norm Sherry alimshauri apunguze nguvu na aache kujaribu kuutupa kila mpira kwa uwezo wake wote. Msimu ule alirusha iningi 255 na theluthi mbili, besi za bure zikawa 96, na aliwatoa wapigaji 269 kwa straiki. Zingatia kwamba aliyemponya alikuwa mdakaji, mtu aliyekuwa akiipokea mipira ile kwa mkono wake mwenyewe. Unapotafuta jina la tatizo, muulize mdakaji kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Tatizo la tatu ni aina ya mipira aliyonayo, kama ilivyokuwa kwa Halladay. Kijana ana kasi, ana udhibiti, lakini mipira yake inakwenda mahali ambapo wapigaji wa ligi kuu wanaitarajia. Corey Kluber aliachwa na San Diego mwaka 2010 akiwa bado katika ligi ndogo. Huko Cleveland alipoanza kutegemea mpira wa kuzama badala ya ule ulionyooka, safari yake ilibadilika, na akashinda Cy Young mwaka 2014 na mwaka 2017. Hili ndilo tatizo ambalo siku hizi lina matumaini makubwa kuliko yote, kwa sababu tangu mwaka 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kasi, mzunguko na mteremko wa kila mpira, na kocha anaweza kujua mchana huohuo ikiwa mshiko mpya umeleta tofauti.

Tatizo la nne limo akilini, na ndilo linaloshughulikiwa vibaya zaidi. Zack Greinke alipoteza mechi 17 akiwa na Kansas City Royals mwaka 2005, kwa wastani wa 5.80, akiwa na miaka 21. Mapema mwaka 2006 aliondoka kambini kwa sababu ya wasiwasi na sonona, na timu ikamruhusu akapate matibabu bila kumwekea siku ya kurudi. Alirudi polepole, kwanza katika ligi ndogo, kisha kama mrushaji wa akiba, na mwaka 2009 alishinda Cy Young kwa wastani wa 2.16. Wakati mwingine mambo hayaendi hivyo. Rick Ankiel wa St. Louis aliwatoa wapigaji 194 kwa straiki mwaka 2000 akiwa na miaka 21, kisha tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo, katika iningi moja ya mchujo, akarusha mipira mitano iliyompita mdakaji ovyo. Udhibiti wake haukurudi kamwe kama ulivyokuwa. Mwaka 2005 aliacha kurusha, na mwaka 2007 akarejea ligi kuu kama mchezaji wa nje mwenye kupiga homurani. Siioni habari yake kuwa ya kushindwa. Timu ilimbakiza, ikamsikiliza aliposema basi, na ikampa njia nyingine. Katika tatizo la aina hii daktari wa akili ndiye anayepaswa kuongoza, na kocha amfuate.

Tatizo la tano ni jeraha lililojificha. Hili halihitaji subira hata ya siku moja. Kijana akishuka kasi kwa maili mbili au tatu kwa saa bila maelezo, mahali anapouachia mpira pakabadilika kutoka mechi moja hadi nyingine, au udhibiti aliokuwa nao ukatoweka kwa ghafla, msimamishe, apigwe picha ya kiwiko na bega kabla hajarusha tena. Vijana huficha maumivu kwa sababu wanaogopa kupoteza nafasi, na timu yenye sifa ya kuwateremsha waliojeruhiwa huwafundisha wafiche zaidi. Upasuaji wa kano ya kiwiko ambao Frank Jobe alimfanyia Tommy John mwezi Septemba 1974 umewarudisha warushaji wengi uwanjani, na John mwenyewe alishinda mechi 164 baada yake, lakini kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na si kila mmoja anayerudi akiwa yuleyule.

Tatu, chagua mahali pa kujifunzia

Ligi kuu ni mahali pa kushinda mechi, na kijana anayejaribu mshiko mpya mbele ya wapigaji bora duniani ataurudia ule wa zamani mara tu besi zitakapojaa. Koufax alipata hasara hiyo kwa sababu ya kanuni ya zama zake: mchezaji aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 za kusainia alilazimika kubaki katika kikosi cha ligi kuu kwa misimu miwili. Akabaki, akakaa benchi, na katika misimu ya 1955 na 1956 alirusha iningi 100 tu kwa jumla, wakati vijana wa umri wake walikuwa wakirusha zaidi ya hizo kwa msimu mmoja katika ligi ndogo. Sehemu ya miaka ile sita iliyopotea ililiwa na kanuni hiyo.

David Clyde hakuzuiwa na kanuni. Alizuiwa na tamaa ya wakubwa wake. Texas Rangers walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 1973, na tarehe 27 Juni, akiwa na miaka 18 na ametoka sekondari wiki chache tu zilizopita, wakamsimamisha kwenye tuta la ligi kuu ili uwanja ujae. Uwanja ulijaa, naye akashinda mechi hiyo. Kisha hawakumteremsha mapema akajifunze, na alimaliza maisha yake ya ligi kuu kwa ushindi 18 na vipigo 33. Ninamtaja kwa huzuni, kwa sababu mara nyingi tunazungumzia subira kana kwamba huanza kijana anaposhindwa, ilhali subira muhimu kuliko zote ni ile ya kabla hajapandishwa.

Basi, ikiwa tatizo ni la mwendo au la aina ya mipira, mteremshe, na umteremshe chini vya kutosha ili asijali matokeo. Ikiwa ni la bahati tu, mbakize. Ikiwa ni la akili, muulize yeye na daktari wake wapi atapumua vizuri zaidi.

Nne, andika mpango wenye kipimo na tarehe

Mpango usioandikwa husahauliwa mara timu inaposhindwa mechi tano mfululizo. Karatasi moja inatosha: tatizo ni lipi, nini kitabadilishwa, nani anawajibika, kipimo gani kitaonyesha kwamba limebadilika, na siku gani tutakaa tena. Kipimo kiwe cha tendo lililo mikononi mwa kijana, wala kisiwe matokeo ya mechi.

Minnesota Twins walionyesha kwa Johan Santana jinsi jambo hili linavyofanyika. Walimpata kupitia uteuzi wa Desemba 1999 ambao huruhusu timu kuchukua wachezaji wa ligi ndogo wasiolindwa na timu zao, kwa sharti la kuwaweka ligi kuu msimu mzima unaofuata. Na msimu huo wa 2000, akiwa na miaka 21, aliruhusu wastani wa 6.49. Sharti lilipokwisha walikuwa huru kumfundisha. Mwaka 2002 walimpeleka Edmonton, ambako kocha Bobby Cuellar alimsisitizia autumie mpira wake wa kupunguza kasi dhidi ya kila mpigaji, hata pale ambapo busara ya kawaida ingemkataza. Alama ya mafanikio ilikuwa je, ameurusha, na je, ameurusha kwa mkono uleule kama wa kasi. Mpira huo ukawa silaha yake kuu, na alishinda Cy Young mwaka 2004 na mwaka 2006.

Tarehe nayo haiwekwi kwa kupenda tu, kwani kanuni za ligi zina kalenda yake. Mchezaji aliye katika orodha ya watu 40 ambao timu imewasajili kwa ajili ya ligi kuu kwa kawaida ana misimu mitatu ambamo timu inaweza kumteremsha na kumpandisha bila kumtoa kwa wengine. Akikaa chini siku 20 au zaidi, msimu mmoja umetumika, na tangu mwaka 2022 hawezi kuteremshwa zaidi ya mara 5 kwa msimu. Misimu hiyo ikiisha, kabla ya kumteremsha timu lazima iziachie nyingine zote nafasi ya kumchukua. Timu nyingi huzitumia nafasi hizi ovyo, zikimpandisha kijana kwa mechi moja na kumrudisha kesho yake kwa sababu mkono fulani umechoka, kisha katika mwaka wa nne zinashtuka kwamba hazina mahali pa kumfundishia. Ukiwa na kijana mwenye tatizo la kurekebishwa, mpe msimu mzima chini badala ya safari kumi za kwenda na kurudi.

Tano, fikiria kazi nyingine juu ya tuta lilelile

Mrushaji wa kuanza anahitaji aina tatu au nne za mipira, kwa sababu atakutana na mpigaji yuleyule mara mbili au tatu kwa mechi. Kijana ambaye mpira wake wa tatu haujakomaa baada ya miaka miwili ya kuufanyia kazi, na ambaye hupigwa sana wapigaji wanapomwona mara ya pili, huenda ana kipaji kamili kwa kazi fupi zaidi. Mariano Rivera alianza mechi 10 za Yankees mwaka 1995 na kumaliza msimu kwa wastani wa 5.51. Mwaka uliofuata aliingia katika kundi la akiba, na alipostaafu alikuwa amefunga kwa usalama, yaani ameingia mwishoni na kuulinda uongozi wa timu yake, mechi 652, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Andrew Miller, aliyechaguliwa wa sita mwaka 2006, alihangaika kama mrushaji wa kuanza Detroit, Florida na Boston hadi alipohamishiwa akiba mwaka 2012. Mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa msururu ulioipeleka Cleveland fainali.

Onyo langu ni moja. Uhamisho huu ufanyike mara moja na kwa maelezo, kwa kuwa maandalizi ya anayerusha kila baada ya siku tano na ya anayeweza kuitwa usiku wowote ni tofauti, na mkono unaorushwa huku na huko kati ya kazi hizo mbili haupati muda wa kuzoea yoyote.

Sita, sauti ziwe chache

Jake Arrieta aliondoka Baltimore katikati ya mwaka 2013 akiwa na wastani wa 7.23 msimu ule, akabadilishwa pamoja na Pedro Strop kwa Scott Feldman na Steve Clevenger. Feldman aliondoka Baltimore msimu ulipokwisha. Chicago Cubs walimwacha Arrieta arushe kwa mwendo wake wa asili, wa kukatiza mwili, ambao wengine waliuona kuwa kasoro. Mwaka 2015 alishinda mechi 22 kwa wastani wa 1.77 na akapewa Cy Young. Ninaamini kwamba vijana wengi huharibiwa na wingi wa wanaowapenda: kocha wa ligi ndogo anasema nyanyua mkono, wa ligi kuu anasema shusha, na mtaalamu wa takwimu anasema ongeza mzunguko. Mteue mtu mmoja, na maelekezo yote yapitie kwake. Kabla hajabadilisha lolote, na amuulize kijana mwenyewe alipokuwa akirusha vizuri kabisa alihisi nini mwilini, kisha walitafute jibu hilo katika picha za siku hizo.

Saba, tambua saa ya kumwachia

Mifano yote niliyoitaja ina kasoro moja ambayo ningemkosea msomaji nisipoisema: tunawajua hawa kwa sababu walifaulu. Kwa kila Halladay wapo vijana wengi waliosubiriwa kwa uaminifu, wakafundishwa vizuri, na bado wakashindwa, na majina yao hayatajwi popote. Mtu anayeamua kwa kuhesabu mashujaa peke yake atasubiri kila mmoja, na nafasi 40 za orodha hazitamtosha.

Hata hivyo uzito wa makosa haulingani. Kumbakiza kijana mwaka mmoja zaidi kunaigharimu timu nafasi moja na mechi kadhaa. Kumwachia mapema kunaweza kuigharimu miaka kumi, kama New York Mets walivyojua baada ya Desemba 1971, walipompeleka Nolan Ryan, aliyekuwa na kasi ya kutisha na udhibiti mbovu, kwa Angels wa California ili kumpata Jim Fregosi. Msimu uliofuata Ryan alishinda mechi 19 na kuwatoa wapigaji 329 kwa straiki. Kwa hiyo shaka inapokuwa sawa pande zote mbili, mimi hubaki upande wa kusubiri, hasa ikiwa timu haigombei ubingwa mwaka huo na mechi zinazopotea si ghali.

Ninaacha kusubiri yanapokutana mambo matatu: tatizo limepewa jina na limefanyiwa kazi kwa msimu mzima bila kipimo chochote kusogea, wapigaji hawakosi tena mipira yake hata katika ligi ndogo, na kijana mwenyewe, akiulizwa faraghani, haamini mpango uliopo. Jambo moja kati ya hayo ni sababu ya kubadilisha mpango. Mawili ni sababu ya kubadilisha kocha au kazi. Yakitimia yote matatu, timu nyingine inaweza kuwa na jicho linaloona kilichofichika kwetu, na kuendelea kumshikilia ni kumdhulumu.

Namna ya kumwachia nayo ni sehemu ya kazi. Aitwe na mtu aliyeongoza mpango wake, aelezwe kilichojaribiwa na kilichokwama, na apewe nakala za vipimo vyake, picha za mwendo wake na kumbukumbu za afya ya mkono wake, ili kocha atakayempokea asianze upya kwa kubahatisha. Mark Appel alichaguliwa wa kwanza kabisa na Houston mwaka 2013, akapelekwa Philadelphia, akaacha mchezo mwaka 2018 bila kuwahi kufika ligi kuu, akarudi mwaka 2021, na mwezi Juni 2022, akiwa na miaka 30, alipanda kwenye tuta la ligi kuu kwa mara ya kwanza akiwa na Phillies, waliokuwa wameuweka mlango wazi.